Asali Isiyo na Takhalisi

Wapenzi wa mashairi tuna mazoea ambayo aghalabu hatuyasemi. Gazeti likifunguliwa kwenye ukurasa wa tungo, jicho hukimbilia ubeti wa mwisho. Pale kwenye tamati ndipo mtunzi alipozoea kuweka jina lake au lakabu yake, pengine na mji wake. Na tukishalijua jina, tunarudi juu kusoma ilhali hukumu tumekwisha kuitoa. Jina kubwa hutufanya tuvumilie vina vilivyolazimishwa, na jina geni hutufanya tuhesabu mizani kwa kidole. Takhalisi ni adabu ya kale, wala sina nia ya kuibeza. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuufunika ubeti ule kwa kiganja, akausoma utungo usio na mwenyewe, anajua jinsi sikio linavyobadilika.

Wanywaji wa mvinyo wanayo desturi inayokaribiana na hiyo. Huificha chupa ndani ya mfuko, wakamimina, wakanusa, wakaonja, ndipo wakataja wanachodhani wamekinywa. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara wa Kiingereza aitwaye Steven Spurrier aliwaketisha waonjaji tisa wa Kifaransa mbele ya mvinyo wa kwao na wa California, chupa zikiwa zimefichwa. Wafaransa wale wakaupa wa California nafasi ya kwanza, mwekundu na mweupe pia. Kwetu Tanzania mchezo huo ungewezekana, kwa kuwa Dodoma kuna mashamba ya mizabibu na mvinyo wake unanyweka. Lakini meza niliyoalikwa mimi ilikuwa Handeni, nusu ya waliokuwapo hawagusi kileo, na kilichoshindaniwa kilikuwa asali.

Mwenyeji wetu ni mrina asali, mwana wa mrina asali. Mizinga yake imetundikwa katika pori la Handeni, penye miyombo, mininga na ile mipingo ambayo wachongaji huifuata kutoka mbali. Dada yake ameolewa Korogwe, na shemeji yake huyo naye ana mizinga, kandokando ya mashamba ya mkonge. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 65 za barabara ya lami, mwendo ambao haumchoshi mtu. Kwa nyuki, hata hivyo, hizo ni nchi mbili tofauti.

Tatizo lililetwa na mnunuzi wa mjini. Asali ya Handeni, yenye rangi ya kahawia iliyofifia, aliitaka. Ya Korogwe, nyeusi kama chai ya rangi iliyokaa mno jikoni, aliikataa kwa kuitazama tu. Akasema imeungua, au imetiwa sukari guru. Kisha akatoa njia: wazimimine zote katika pipa moja, naye atalichukua pipa zima kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya Handeni. “Asali ni asali,” akasema, akaondoka, akaahidi kurudi Alhamisi.

Msomaji apime mwenyewe uzito wa jambo hilo. Shemeji alikuwa na ndoo sita za lita 20, na ndoo ya namna hiyo ikijaa asali hukaribia kilo 28. Zisipochanganywa, zitabaki mikononi mwake na ada za shule zimekwisha kudaiwa. Zikichanganywa, asali ambayo marehemu baba mkwe aliitangaza maisha yake yote itapotea ndani ya pipa. Mwenyeji hakutaka kumwambia mume wa dada yake kwamba asali yake itaichafua ya kwao. Shemeji naye hakutaka kuomba. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mtunzi wa mashairi na rafiki wa nyumba ile, akashauri chakula cha mchana siku ya Jumapili: watu waonje bila kuona. Ikiwa hakuna ulimi uwezao kuzitenga asali hizo, basi zichanganywe na dhamiri zilale. Ikiwa upo, watazungumza upya.

Tukakaa chini ya mwembe, mikeka imetandikwa. Palikuwa na bada na kisamvu, kuku wa kienyeji, na fungu la machungwa yaliyotoka Muheza. Waonjaji walikuwa watano: mwenyeji, shemeji yake, mama mzazi wa mwenyeji, mwalimu, na seremala aliyekuwa ameanza kuwatengenezea wafugaji wa pale masanduku ya nyuki badala ya mizinga ya magogo. Mimi nilipewa kazi ya kuandika namba na kutunza siri, kazi iliyonifaa, maana mtu aliyetoka pwani hana haki ya kuihukumu asali ya bara mbele ya wenyewe.

Shauri la kwanza lilihusu macho. Seremala alidhani inatosha kuficha chupa. Mwalimu akamkumbusha kuwa shina la ugomvi wote ni rangi. Ukweli uko upande wake. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya jaribio la Bordeaux, ambako wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ambayo kwa kawaida huutumia mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kuuambia ulimi la kusema. Basi zikaletwa kanga, kila mmoja akafungwa macho, na mama akakubali kwa sharti kwamba afungwe kwa kanga yake mwenyewe.

Shauri la pili lilikuwa la lugha, nalo lilichukua muda mrefu zaidi kuliko kuku. Mwalimu alipiga marufuku neno “tamu”. Atakayelisema, atawamenyea wenzake machungwa. Watu wakacheka, lakini hoja yake ilikuwa nzito: katika Kiswahili tamu ni sukari, na tamu ni pilau iliyokolea chumvi, na tamu ni sauti ya mwimbaji wa taarabu, na usingizi wa alfajiri nao ni mtamu. Neno linalosifu kila kitu haliwezi kukitenga kitu na kingine. Ukilinyang'anya, ulimi unalazimika kufanya kazi. Hazina tunayo: ukakasi wa ndizi mbichi, ugwadu wa embe changa, uchachu wa tui lililolala, ukali wa tangawizi, uchungu wa shubiri. Tunazitumia katika tungo za mapenzi na za malalamiko kuliko mezani. Seremala alikuwa wa kwanza kumenya machungwa, na wa tatu, na wa nne.

Sampuli zilikuwa tano, kila moja katika kijiko, na kati ya kijiko na kijiko maji na kipande cha muhogo uliochemshwa. Ya kwanza kuonjwa ilikuwa ya nyuki wadogo, wale wasio na mwiba, ambao asali yao hawaiweki katika masega ya pembe sita bali katika vijungu vya nta. Hiyo haikumsumbua mtu. Ni nyepesi, ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, na ina uchachu unaofanana na wa ukwaju. Watu wa pale wanaihesabu dawa kuliko chakula. Wote watano waliitaja kabla kijiko hakijatoka kinywani. Nadhani mwalimu aliiweka mwanzo ili kuwapa moyo.

Ya pili ilikuwa ya mkonge, asali ya shemeji. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu mkonge wenyewe ni mgeni katika nchi hii, na historia yake imo ndani ya kijiko kile. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Tanga nzima, na reli iliyoanzia Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902 ikiyapita. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakaachwa. Mkonge hutoa ua mara moja tu katika uhai wake, baada ya miaka mingi ya kukatwa majani: hupandisha mlingoti mrefu kuliko nyumba, ukachanua, ukafa. Shamba linalotunzwa hufyekwa na kupandwa upya likichoka, ilhali lililotelekezwa huachwa lichanue hadi mwisho. Hasara ya kampuni na ya vibarua, kwa nyuki ilikuwa karamu.

Mwalimu aliishikilia asali hiyo ulimini muda mrefu. Akasema ni nzito, ina uchungu mdogo unaokuja nyuma kama mtu aliyechelewa kikaoni, na ina harufu ya majani mabichi yaliyopondwa. Seremala alisema inakereketa koo, lakini akaomba nyingine. Mama akasema, “Hii ina jua kali ndani yake.” Shemeji aliitambua mara moja asali yake, akanyamaza, akangoja wengine waseme. Hakuna aliyesema imeungua. Hakuna aliyetaja sukari guru. Walipofumba macho, lile jambo ambalo mnunuzi aliliona kwa uwazi mkubwa halikuwapo.

Ya tatu ilitoka katika chupa ya dukani aliyokuja nayo mwalimu, yenye kibandiko cha picha ya ua. Wawili waliisifu kwa ulaini. Mama aliitema katika kiganja, akanawa. Sitaongeza neno juu yake.

Zikabaki mbili za Handeni, zote za mwenyeji, na hapa ndipo mchana ule ulipogeuka.

Moja ilikuwa ya mizinga ya magogo, iliyorinwa kama baba yake alivyorina: usiku, mtu akapanda mti na kienge cha majani makavu yanayowaka, akaufukiza mzinga hadi nyuki wakatoka. Nyingine ilikuwa ndoo moja tu, ya majaribio, kutoka katika masanduku ya seremala. Hiyo ilirinwa mchana kwa bomba la moshi, moshi kidogo, fremu moja baada ya nyingine. Pori ni lile lile, majira ni yale yale, na umbali kati ya mizinga na masanduku hauzidi mwito wa mtu.

Nilianza na ya masanduku. Mwenyeji akaionja, akatikisa kichwa. “Safi,” akasema, “safi mno. Hii nayo umeinunua, Mwalimu?” Mwalimu hakujua, maana siri nilikuwa nayo mimi. Nikampa ya magogo. Uso wake, ule uliokuwa haukufunikwa na kanga, ukakunjuka. “Ndiyo yetu hii. Hii hata nikiwa kaburini nitaijua.” Na kabla hajamaliza, mama yake, ambaye alikuwa ameishika sampuli hiyo hiyo, akasema polepole, “Hii ni ya marehemu.”

Marehemu alikuwa na miaka mitatu ardhini, na asali ile haikufika mwaka. Hakuna aliyemsahihisha.

Kilichowafanya waitambue kilikuwa moshi. Seremala ndiye aliyelitamka, akiwa bado amefungwa macho na hajui anamgusa nani: “Hii imefukizwa mno. Inanuka jiko.” Shemeji akaafiki, kwa sauti ya chini. Mwalimu naye akatafuta neno la adabu, akakosa, akasema moshi. Nilipofungua daftari na kuzitaja namba, mwenyeji alikaa kimya, kanga ikiwa mkononi. Asali ya pori lake, ya miyombo na mininga yake, ilipoletwa mbele yake bila moshi, aliidhania ya duka. Alichokuwa akikiita ladha ya Handeni kwa miaka yote ile kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kienge cha baba yake.

Tulikuwa bado hatujalijibu swali la pipa. Kwa hilo tulifuata njia wanayoitumia wapimaji wa vyakula: vikombe vitatu, viwili vina kitu kimoja na cha tatu kina kingine, na mwonjaji hutakiwa kukitaja kilicho peke yake. Mtu anayebahatisha atapata mara moja katika tatu. Mle viwilini nilitia asali ya Handeni ya magogo, kwa kuwa ndiyo iliyojaa ndoo zilizongoja kuuzwa. Katika cha tatu nikatia mchanganyiko wa hiyo na ya Korogwe, nusu kwa nusu. Watu watano, mara tatu kila mmoja, majaribio 15. Kwa bahati tupu yangepatikana matano. Walipata 11.

Kwa hiyo ulimi unazitenga. Lakini namna ulivyozitenga haikuwa ile aliyoiogopa mwenyeji. Katika mchanganyiko moshi ulibaki na kutawala, na kile kiuchungu cha mkonge, ile harufu ya majani, vilizimika. Shemeji ndiye aliyekuwa akidaiwa heshima kwa kukubaliwa kuingia katika pipa la wakwe zake. Kumbe asali iliyokuwa ikipoteza kitu ni yake. Alilisema hilo kwa upole mkubwa, na kwa kuzunguka, kama ipasavyo mbele ya mama mkwe. Alisema tu kwamba anadhani ndoo zake zitarudi Korogwe.

Mabishano yaliyofuata yalikwenda hadi kivuli cha mwembe kikahama mkekani. Seremala alishikilia kwamba moshi ni dosari, basi. Ana hoja: kanuni ya kimataifa ya asali, ile ya Codex, inataka asali isiwe na harufu wala ladha ngeni iliyoingia wakati wa kuitayarisha, na kienge kinachowaka huangusha majivu na makinda ya nyuki ndani ya ndoo, mbali na kuunguza pori mara kwa mara. Mwalimu akajibu kwamba watu hula samaki wa kukaushwa kwa moshi na kuvisifu, na wengine huulipia moshi wa ubani. Mama alisema jambo moja, kwamba katika Sura ya Nahli kinywaji cha nyuki kimetajwa kuwa cha rangi mbalimbali, na kwamba yule mnunuzi alipaswa kuisoma kabla ya kuzungumzia rangi. Kuhusu moshi hakusema lolote.

Mimi niko upande wa seremala katika biashara na upande wa mama katika mengineyo. Moshi ule ni takhalisi. Ni jina la mtu lililoingia ndani ya kazi yake, na wanaompenda mtu huyo wanalitafuta kwanza na kuliona kuwa ndilo utungo. Mgeni ambaye hakumjua marehemu hana deni la kuustahi. Yeye ana haki ya kuonja miyombo. Kosa kubwa, nionavyo, lilikuwa kwenye lile pipa, ambamo si miyombo wala mkonge wala marehemu wangesikika. Wahariri wa zamani walijua kuwa diwani yenye watunzi wengi huwatenga watunzi wake kurasa kwa kurasa. Hakuna aliyewahi kuwachanganya beti.

Siku ya Alhamisi mnunuzi alikuja. Alichukua Handeni peke yake, na kwa bei ya Handeni, baada ya kulalamika kidogo. Ya masanduku aliionja kwa kidole, akaulizia kama itakuwapo zaidi mwakani. Mwenyeji alimwambia atafikiri. Tangu wakati huo ameagiza masanduku mengine manane kwa seremala, na mizinga miwili ya magogo ameiacha pale pale ilipo, juu ya mti ule aliokuwa akiupanda baba yake. Hiyo huirina kwa kienge, na mavuno yake hayauzwi.

Ndoo sita za Korogwe zilirudi kwao. Mji ule uko katika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na mabasi yakisimama pale wachuuzi huzunguka madirisha na machungwa. Shemeji aliipakia asali katika chupa za nusu lita, akaitia katika biashara hiyo. Vibandiko aliviandika mwalimu kwa mkono, ASALI YA MKONGE, KOROGWE, na chini yake mstari mmoja wa kueleza ladha, ambao ulimchukua siku mbili na haukumridhisha mama hata sasa. Ndoo nne zilikuwa zimekwisha aliponipigia simu. Kazi ngumu, aliniambia, ni abiria; kila basi lina mmoja anayeinua chupa juani, akaisoma, akamwuliza kama nyuki wa Korogwe wanakula kamba.